Viyoyozi vya Nyumba ya Udongo

Wenzangu wa ofisi ya Ibra, mmenitaka niandike kumbukumbu za kazi, eti kabla sijasahau. Kusahau bado, alhamdulillahi. Nadhani mmeniona nimestaafu na kila asubuhi napiga simu ofisini kuuliza habari, mkatafuta njia ya kunishughulisha. Haya, nimeshughulika. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ninachojua kukasirikia, na wale wanaosema "kitabu yangu" wawaombe mama zao wawasomee.

Vyeo na mishahara sitaviandika. Cheo changu kilibadilishwa jina mara nyingi na kazi ikabaki ile ile, na mshahara wa mtu aliyestaafu hauna faida kwa mtu yeyote isipokuwa wakwe. Ninachotaka kuwaachia ni habari ya namna kampuni ya mikoba ya kifahari inavyoripoti fedha inazotumia kuyahurumia mazingira, na namna huruma hiyo ilivyofika mpaka kwenye nyumba ya Bi Zuwena ikamwangushia ukuta.

Siku yangu ya kwanza ya kazi ilikuwa Maskati, katika duka la jumla la vitambaa. Mimi nilizaliwa Unguja, nikaletwa Oman mdogo, baba akisema tunarudi kwetu na sisi watoto tukitazamana, maana hatukuwa tukimjua mtu. Mhasibu wa duka alikuwa Mzee Karsan, Mhindi aliyekulia Unguja, mtu wa kuhesabu kwa Kigujarati, kunung'unika kwa Kiswahili na kumjibu tajiri kwa Kiarabu kibovu. Mezani alikuwa na mashine ya kujumlishia, ile ya kuvuta kwa mkono, na rula ya mbao iliyolika ncha. Nilikaa nikaanza kunakili hesabu za stoo. Akaniambia niinuke.

"Nenda stoo ukavitazame vitambaa."

"Si hesabu yake hii hapa, mzee?"

"Hiyo nimeandika mie. Wewe hujaona kitu. Nenda, na ukirudi unambie nani yumo mle ndani na anafanya nini."

Nilirudi vumbi tupu, nikamwambia kwamba mna mchukuzi mmoja amelala juu ya marobota na wengine wawili wanamfunika asije akaonekana. Akasema sasa naweza kukaa. Miaka yote niliyofanya naye kazi hakuniruhusu kuandika kitu ambacho sijakwenda kukitia machoni. Alifariki kabla ripoti za kijani hazijazuka, na nashukuru, kwa sababu moyo wake ulikuwa tayari mbovu.

Duka lile lilibadilisha wenyewe kila baada ya muda, mpaka siku moja tukaambiwa kuwa sote sasa ni watu wa kampuni moja ya Ulaya, inayouza mikoba ya ngozi kwa bei ambayo mtu akiisikia hudhani inauzwa pamoja na ng'ombe mwenyewe, mzima, na malisho yake. Wabunifu wao walikuwa wameiona mikanda ya sufi ya Mabedui, ile ya kufungia matandiko ya ngamia, wakaona inafaa kuwa mishipi ya mikoba. Bizimu za fedha, vile vifungo vya mishipi, zikatoka Nizwa, mikanda ikatoka huku kwetu mkoa wa Sharqiya. Ndipo ilipofunguliwa hii ofisi ya Ibra mnayokaa, na mimi nikahamishiwa hapa kuisimamia mikanda, tangu sufi inapokatwa kwa kondoo mpaka inapopakiwa kwenye ndege.

Mfumaji mkuu alikuwa Bi Zuwena. Wengi wenu mmemwona lakini hamkuwahi kumjua vizuri, basi niwaeleze. Ni mjane, mzaliwa wa Wete, Pemba. Aliolewa Ibra, na kufuma alifundishwa na mama mkwe wake, Mbedui wa Al Mintirib ambaye hakuwa akijua neno la Kiswahili, kwa hiyo walifundishana kwa mikono. Mumewe alimwachia nyumba ya udongo katika mtaa wa zamani, kuta zake nene kiasi cha mtu kuweza kulala dirishani. Kampuni ilikodi nyumba ile ikawa karakana. Walikuwa wakifuma humo wanawake kumi na kitu, kila mmoja na kitanda chake cha kufumia kilicholazwa chini kwenye mkeka, na kwa wengi wao hiyo ndiyo ilikuwa riziki ya nyumba nzima.

Sasa niwaeleze jambo ambalo nililiona siku ya kwanza nilipokwenda kutazama, kwa ile tabia ya Mzee Karsan. Mnajua kwetu wanawake hawakai asubuhi bila kahawa ya majirani. Hakuna kualikana, mtu huja tu. Karibu na mlango wa Bi Zuwena kulikuwa na kapu la vijiti vya kusokotea, na kila jirani aliyeingia alisalimia, akakaa, akanywa kahawa na tende zake, kisha bila ya kuambiwa akachukua kijiti na shungi la sufi akawa anasokota huku anatoa habari: nani kaposwa, mtoto wa nani kapata kazi Sur, nani kazikwa. Akiondoka alirudisha kijiti kapuni kimejaa uzi. Kumlipa ingekuwa kumtukana. Uzi wa mikanda, karibu wote, ulitokana na wageni wa kahawa. Nikawaandikia Ulaya hivyo hivyo, kwamba uzi unasokotwa na wageni. Wakanijibu nijaze namba ya usajili ya mgeni. Nikawaandikia kwamba hana. Wakanijibu nisubiri mpaka atakapoipata.

Nadhani bado wanasubiri.

Tulifanya kazi namna hiyo miaka mingi, na sina la kulalamika. Mikanda ilikwenda, malipo yalikuja, mara moja moja mkanda ulirudishwa kwa kuwa mweupe wake haukuwa mweupe waliouota. Kisha ikaja ile sheria ya Ulaya. Kampuni zote kubwa zikatakiwa zitangaze kila mwaka ni sehemu gani ya fedha wanazotumia ni ya kijani, yaani ya kuyafaa mazingira. Wazo lenyewe zuri, nisiwe mwongo. Lakini sheria ilikuja na orodha ya shughuli zinazohesabika, na kwenye orodha hiyo mna majengo, mna paneli za jua, mna viyoyozi visivyokula umeme mwingi, mna magari ya betri. Kushona mkoba hakumo. Kufuma hakumo. Kutia rangi kwa majani wala kusokota sufi, hakuna. Kampuni ya mikoba ikajikuta kuwa ile kazi yake yenyewe, iliyoiweka duniani, haiulizwi.

Mnadhani walihuzunika? Walifurahi mno. Maana kampuni hii haina viwanda vingi, lakini ina maduka katika kila mji wenye matajiri, na maduka hayo yamo katika majengo mapya yenye vyeti vya kuokoa umeme. Ukikodi duka katika jengo lenye cheti, mkataba wa miaka mingi, kodi yako inaingia kwenye kijani. Kwa hiyo kampuni ilipofungua duka kubwa zaidi, lenye taa zaidi na wateja wanaokuja kwa ndege, ripoti yake ilizidi kuwa ya kijani. Nilipewa kazi ya kuandika sehemu ya Oman ya ripoti hiyo, na mara ya kwanza nilipoisoma nzima nilidhani wameniletea ripoti ya madalali wa nyumba. Mikoba ilikuwa kwenye picha tu.

Sharqiya ilikuwa aibu yao. Kwenye kila ukurasa sehemu yetu ilikuwa na mstari mtupu. Ndipo idara ya mazingira ilipomtuma Klara.

Klara hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana, mchapakazi, mwenye adabu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikuja wakati wa kiangazi chenyewe, wakati usukani wa gari haushikiki. Nilimwingiza kwa Bi Zuwena, na alipopita tu kizingiti nikamwona anatazama juu, anatafuta ile baridi inatoka wapi.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu. Na huyu mtoto wa watu mbona kawa mwekundu hivi? Mpe maji kwanza, wallahi ataanguka hapa."

Alikunywa maji, akanywa kahawa, akala halua mpaka Bi Zuwena akaridhika. Kisha akafungua kompyuta yake na kuniomba nimtafsirie.

"Anauliza viyoyozi viko wapi."

"Mukayyif ya nini?"

"Anauliza mnafanya nini kupunguza umeme."

Bi Zuwena alitazama dari. "Tupunguze upi? Tuna taa, na pangaboi, na hilo pangaboi twaliwasha akija wifi yangu, yeye ana presha. Mwambie akitaka tutalizima, lakini wifi atanuna."

Klara alicheka, akapiga picha nyingi, akaandika. Tulipokuwa garini akaniambia kwa masikitiko ya kweli kwamba nyumba ile ni ya ajabu lakini hakuna cha kuripoti. Nikamuuliza, si mnataka nyumba isiyotumia umeme? Ile pale. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba kinachohesabiwa ni fedha zilizotumika kupunguza. Nyumba ya Bi Zuwena haikupunguza kitu kwa sababu haikuwahi kutumia. Nikamwambia ndiyo, haikuwahi. Akasema ndilo tatizo.

Mnaoingia kazini sasa, haya maneno yasomeni mara mbili. Mimi nimeyasikia mara moja na yamenitosha.

Baada ya miezi michache ikaja barua. Kampuni imeamua kuiboresha karakana ya Ibra kwa kuweka viyoyozi vya kisasa, vile vilivyomo kwenye orodha. Anayeweka viyoyozi hivyo, fedha zake ni za kijani. Aliyekaa bila kiyoyozi miaka mia, hana kitu. Barua ilimalizia kwamba mkataba wa karakana utaendelea kwa sharti la maboresho hayo.

Niliandika kupinga, na nakala mnayo ofisini kama hamkuifungia vitumbua. Niliwaambia kwamba kiyoyozi kinatoa maji, na udongo haupendani na maji. Kwamba kuta zile zimesimama kwa sababu hakuna aliyewahi kuzichuruzia kitu. Wakanijibu haraka sana, kwa jibu lililokwisha andikwa kabla ya mimi kuuliza, kwamba hatari zote za maji katika eneo hilo zimetathminiwa na mtaalamu. Wakaniambatishia tathmini yenyewe. Mtaalamu alikuwa ameandika kurasa na kurasa kuhusu kupanda kwa maji ya bahari. Ibra. Kutoka hapa mpaka bahari ya Sur mtu anaweza kulala garini, akaamka, akaomba gari lisimame Al Kamil anunue tikiti maji, akalala tena. Bahari waliikagua. Ule mpira wa kutolea maji ya kiyoyozi, unene wa kidole, haumo hata kwenye ukurasa mmoja.

Nilikwenda kwa Bi Zuwena na barua ile kwa sababu nyumba ni yake na hakuna aliyekuwa na haki ya kuitoboa bila ya idhini yake.

"Na nikikataa?"

"Mkataba hawauendelezi."

"Na hawa?"

Hakuwaonyesha kwa mkono. Walikuwa wamekaa pale pale wanafuma, na kila mmoja alikuwa amesimamisha mkono.

"Hawa nao hawatakuwa na kazi," nikasema.

Aliikunja barua akanirudishia. "Basi waje wavitie. Lakini nambie, Rahma, huko kwao kuna joto?"

"Kwao baridi, Bi Zuwena."

"Sasa joto letu linawauma nini?"

Nikarudi ofisini, nikawaandikia kwamba mwenye nyumba ameridhia.

Mafundi walikuja, wakatoboa kuta. Viyoyozi vilikuwa vya aina ya kuongozwa kwa mtandao, kwa hiyo havikuwashwa Ibra. Viliwashwa kutoka Ulaya, ili namba ziende moja kwa moja kwenye ripoti bila ya kuchafuliwa na sisi. Namba zilihitajika, na kiyoyozi kilichozimwa hakitoi namba. Basi nje watu wanaungua, na ndani wanawake wamejitanda shali za sufi, vidole vimekakamaa, wanafuma mishipi ya mikoba. Bi Zuwena alichomoa waya mara mbili. Mara zote mbili nilipigiwa simu kuulizwa kama kuna hitilafu.

Maji nayo yakafanya kazi yake. Mpira wa kutolea maji fundi aliuachia katikati ya ukuta wa nje, haukufika chini. Niliandika. Nikaambiwa mafundi wa mtaani hawaruhusiwi kuvigusa vifaa vile, lazima aje fundi mwenye cheti kutoka Maskati, na fundi mwenye cheti ana foleni. Bi Zuwena akaweka ndoo, jirani akaleta sufuria, lakini upande ule wa nyuma haufikiki vizuri. Ukuta ulianza kupata tumbo. Nikapiga picha, nikapeleka, wakanishukuru kwa picha.

Ulianguka Ijumaa, watu wakiwa msikitini, na kwa rehema ya Mungu ndani hamkuwa na mtu. Nilifika vumbi halijatulia. Bi Zuwena alikuwa amepiga magoti kwenye kifusi anatafuta upanga wa mbao wa kupigia uzi, aliopewa na mama mkwe wake siku aliyomaliza mkanda wake wa kwanza. Aliupata vipande viwili. Alivifunga ndani ya kanga yake. Mimi ndiye niliyelia, na nililia kwa hasira, na sioni haya kuwaambia.

Kwenye ripoti ya mwaka ule Sharqiya haikuwa tena na mstari mtupu. Viyoyozi vilihesabiwa vyote, pamoja na gharama za kuvitia. Ukuta haukutajwa kwa sababu hakuna mahali pa ukuta. Mtu mmoja wa makao makuu aliniuliza kama kifusi kitatumika tena kwa namna yoyote, maana kutumia tena kifusi nako kunaweza kuingia kwenye kijani. Nikamjibu kwamba nitamuuliza mwenye kifusi. Sikumuuliza.

Baada ya hapo wakawahamishia wanawake kwenye ukumbi. Mnaujua, ule wa vioo vitupu, kwenye barabara kuu ya Maskati, wenye cheti kinachoning'inia mlangoni. Mkataba wa kuukodi ulikuwa wa miaka mingi sana, kwa sababu mkataba ukiwa mrefu na kijani kinarefuka. Likaletwa gari la betri la kuwachukua, nalo likahesabiwa. Kila walilolifanya kuwaondoa wale wanawake karibu na nyumba zao liliandikwa kuwa ni jema, na lilikuwa na namba.

Nitawahadithia asubuhi moja tu. Nilikuwa nimesimama pale kwenye kibanda cha mlinzi ninasaini, akafika jirani mmoja wa Bi Zuwena, mama mtu mzima, kaletwa na mwanawe kwa gari, na birika la kahawa mkononi. Mlinzi, kijana wa watu, alimsalimia kwa heshima zote.

"Umekuja kwa nani, khalti?"

"Nimekuja kwa kahawa."

"Hapa ni karakana, khalti. Lazima niandike sababu ya kuja."

"Nishakwambia sababu. Andika kahawa."

Mashine yake ya kuandikishia wageni haikuwa na kahawa. Ilikuwa na mkutano, ufundi, ukaguzi na kupeleka mizigo. Nilimwambia mlinzi aandike ukaguzi, lakini yule mama alikuwa ameshakasirika. Akasema tangu azaliwe hajawahi kuulizwa sababu kwenye mlango wa mwanamke mwenzake, akamwambia mwanawe ageuze gari. Na yeye alikuwa wa mwisho kujaribu. Wenzake hata hawakutoka majumbani.

Hamna majirani, hamna uzi. Wafumaji walikaa ndani ya vioo na vitanda vyao vimewambwa nusu. Klara akapiga simu, akauliza kwa nini mikanda haiji, akauliza kama wanawake wanahitaji mafunzo ya kuongeza tija. Nikamkumbusha ile barua yangu ya zamani, ya wageni. Akasema aliiona, lakini alidhani ni tafsiri mbaya. Nikamweleza upya, pole pole, na safari hii mimi ndiye niliyekuwa namweleza mgonjwa. Akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye haya, kwamba ameelewa lakini mkataba wa ukumbi umeshaingia kwenye ripoti na hauwezi kutoka.

Wanawake wakaanza kupungua. Mmoja alisema mtoto anaumwa, mwingine gari lilimwacha, mwingine hakusema kitu. Nilijua walikokwenda kwa sababu nilikwenda kuwatazama. Walikuwa kwenye nyumba ya udongo, wanakanyaga tope na nyasi kavu, na majirani wote wako pale, na waume na wana wa kiume wanapandisha matofali. Viyoyozi walikuwa wameving'oa wakavipanga uani, na paka alikuwa amezaa nyuma yake. Ukuta uliinuka bila ya fundi mwenye cheti. Bi Zuwena alikuwa amechonga upanga mwingine, na akawa analalamika kuwa ni mwepesi mno.

Msidhani kuwa ilimalizika vizuri. Kampuni iliuvunja mkataba wao wa kufuma ikaanza kununua mikanda inayofumwa kwa mashine nchi nyingine, na kwenye tangazo wakaandika kwamba imetokana na roho ya jangwa. Wanawake wale sasa wanauza kwenye soko la wanawake la Jumatano na kwa kambi za watalii za Al Mintirib, na mtalii anapenda kushika, kusifu, na kwenda zake. Wawili waliacha kufuma kabisa, mmoja wao alikuwa na mkono mzuri kuliko hata Bi Zuwena, siku hizi anafagia shule. Nyumba wanayo. Fedha hawana, si kama zamani.

Lakini ukumbi, jamani, ukumbi umefanikiwa. Mkataba wake bado una miaka mbele, na kila mwaka unahesabiwa. Hamna mtu ndani. Mwaka wangu wa mwisho kazini nilipokea barua ya pongezi kutoka makao makuu, imepelekwa kwa ofisi zote za dunia. Katika majengo yote ya kampuni, ukumbi wa Ibra ndio uliopunguza umeme kuliko lolote jingine. Wakatuomba tueleze, kwa sentensi moja, ni hatua gani tulizochukua, ili wenzetu wa nchi nyingine waige.

Niliikalia barua ile asubuhi nzima. Nilikwenda ukumbini, kwa sababu sikufundishwa kuandika kitu nisichokitia machoni. Mlinzi alinifungulia. Palikuwa safi, taa zimezimika zenyewe, na vitanda vya kufumia vilivyoachwa vimesukumwa pembeni. Nikarudi ofisini, nikaandika: Wafumaji wameondoka. Hiyo ndiyo sentensi ya mwisho niliyoiandikia kampuni.

Ripoti ilipotoka, niliitafuta sentensi yangu. Ilikuwa imeandikwa hivi: Mabadiliko ya tabia za watumiaji wa jengo.

Nikaichukua nikaenda kwa Bi Zuwena, nikamsomea maneno yote mawili, yangu na yao. Nilitaka tucheke pamoja. Lile lao alilipitisha kama hakulisikia. Langu akalirudia.

"Uliwaandikia tumeondoka?"

"Ndiyo. Si kweli?"

"Hukuandika sawa, mwanangu. Kuondoka, tuliondoka hapa. Kule tulipita tu."

Ningeisahihisha siku ile ile, wallahi. Lakini nilikuwa nimesharudisha kompyuta yao.